Bila Msimbo, Bila Kosa

Kwanza ulisikika mkwaruzo. Ulitoka gizani, ukapanda, ukageuka mluzi wa kutoboa masikio, na watu mia mbili waliokaa katika ukumbi wa Manispaa ya Halmby wakaziba masikio kwa pamoja na kwa utaratibu, kama watu waliolifanyia mazoezi jambo hilo. Kisha kipaza sauti kikatulia, na kabla taa hazijawashwa sauti ya mtu ikasema:

"Ndugu wananchi wa Halmby. Kuanzia leo, wiki ya kwanza ya mwaka, manispaa yenu haitakosea tena."

Taa zikawaka. Jukwaani alisimama Gorm Lindegaard, Mkurugenzi wa Mageuzi ya Kidijitali, raba nyeupe miguuni na koti jeusi mabegani, vazi la mkubwa asiyetaka aogopwe. Alitaka aitwe Gorm tu, bila cheo, kwa sababu nchini Denmaki watu wote ni sawa. Waliomwita Gorm walijisikia sawa naye kweli. Aliyewahi kumbishia alihamishiwa idara ya mitaro, na huko nako watu wote ni sawa.

Safu ya nyuma alikaa Ebbe Kragelund, mtunza ghala la vifaa saidizi. Miaka ishirini na minne Ebbe alikuwa akitunza vigari vya kutembelea, viti vya choo vyenye ndoo, na vitanda vya umeme vinavyopanda na kushuka, vitu ambavyo manispaa huwaazima bure wazee na wagonjwa ili waishi majumbani mwao. Kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza. Upande mmoja kulikuwa na hifadhidata, ambayo wote waliiita Daftari. Humo watathmini waliandika nani anahitaji nini, na wiki gani. Upande wa pili kulikuwa na programu ya ghala, iliyonunuliwa nchi ya mbali, inayojua kila kifaa kipo rafu gani. Katikati alikaa Ebbe, akisoma huku na kuandika kule kwa vidole viwili. Leo alikuwa akitolewa katikati, kama mwiba wa samaki.

"Je, tumeajiri mabingwa wa kuandika msimbo?" aliuliza Gorm. "Hatukuajiri. Tumeandika hata mstari mmoja wa msimbo? Hata nusu. Nitaunganisha mimi mwenyewe, kwa kidole hiki."

Akakionyesha. Watu wa nyuma wakanyoosha shingo wakione.

Kwenye skrini kubwa kulikuwa na visanduku: kushoto vya Daftari, kulia vya ghala. Unavuta uzi kutoka kisanduku hadi kisanduku. Uzi ukikubaliwa unakuwa wa kijani. Ukikataliwa unakuwa mwekundu. Gorm akavuta jina hadi jina: kijani. Anwani hadi anwani: kijani. Kifaa hadi kifaa: kijani. Ukumbi ukaanza kuguna kwa raha.

Kushoto kikabaki kisanduku kimoja: Wiki. Maana Halmby, kama kwingineko nchini, hakuna mtu mzima anayesema tarehe. Ukimuuliza mtu bintiye anaolewa lini, atakwambia wiki ya thelathini na tatu. Meno anang'oa wiki ya tisa. Gorm akauvuta uzi wa Wiki hadi kisanduku cha Tarehe. Mwekundu. Programu ilitoka kwa watu ambao bado wanahesabu siku kama wafungwa. Akajaribu tena. Mwekundu. Mtu wa safu ya mbele akakohoa.

Kulia kulikuwa na kisanduku kingine kitupu: Idadi. Daftari halikuwa na idadi, kwa sababu sheria inampa mtu mmoja kifaa kimoja, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kuandika moja. Gorm akatafakari kwa muda wa pumzi mbili, kisha akauvuta uzi kutoka Wiki hadi Idadi.

Kijani.

Nyuzi zote kijani; hata Tarehe, iliyokosa uzi, programu ikajijazia siku ya oda, visanduku vyote vikajaa. Watu wakasimama wakapiga makofi. Ebbe aliinua mkono kidogo, akaona wenzake wanavyomtazama, akajikuna sikio. Ebbe alikuwa mtu ambaye maishani mwake hajawahi kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu, hata barabara ikiwa haina gari wala paka. Na hii ilikuwa ya kijani.

"Kosa hukaa ndani ya msimbo," alimalizia Gorm. "Hapa hakuna msimbo. Basi litakaa wapi?"

Hakuna aliyejua litakaa wapi. Maneno hayo yakachapwa kwenye vikombe vya kahawa: Bila msimbo, bila kosa.

*

Wiki ya kwanza mama mmoja aliomba kigari cha kutembelea, akapelekewa kigari kimoja. Gorm aliandika taarifa ya kurasa tisa kuhusu tukio hilo.

Wiki ya pili mzee wa mtaa wa kanisa aliomba kigari, akapelekewa viwili. Manispaa ikaeleza kwamba mfumo umetambua kuwa nyumba yake ina ghorofa. Wiki ya tatu aliyeomba kitanda alipata vitatu, na taarifa ikasema mfumo sasa unajali wageni. Wiki ya sita vitanda sita vilikwenda kwa mjane anayeishi chumba kimoja. Wiki ya tisa vitanda tisa vilikwenda kwa kaka wawili wasiosalimiana, na hao angalau wakapata vya kuwekea mpaka. Mwezi wa Aprili, wiki ya kumi na sita, bibi aliyeomba mkono wa plastiki wa kuokotea vitu vilivyoanguka alipewa mikono kumi na sita. Aliigawa kanisani. Ibada iliyofuata hakuna aliyeinama kuokota kitabu cha nyimbo.

Wananchi hawakulalamika sana. Mdenmaki akipewa na manispaa vitu vingi kuliko alivyoomba, kwanza huona haya, kisha husoma sheria. Na sheria ilikuwa wazi: kifaa hakirudi ghalani mpaka mtathmini afike nyumbani athibitishe kwamba mtumiaji hakihitaji, kila kifaa kwa ziara yake. Foleni ya watathmini ilikuwa ya miezi tisa. Basi watu wakapanda nyanya ndani ya viti vya choo, na vigari vikabeba kuni. Wiki ya ishirini na tisa nchi nzima ilikuwa likizoni, na hapo mfumo ulifanya kazi vizuri kupita wakati wowote, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuutazama.

Ofisini kwa Gorm ulining'inia mchoro wa utoaji wa huduma. Mstari wake ulianzia chini kushoto ukapanda juu kulia umenyooka kama kamba ya bendera. Hakuna manispaa nchini iliyowahi kuwa na mstari ulionyooka namna ile. Halmby ikateuliwa kuwania Tuzo ya Taifa ya Utumishi wa Mbele.

Vifaa vidogo vilipopungua, mfumo uliagiza vingine wenyewe. Vitanda havikuagizwa, kwa kuwa bei yake ni ya kupigiwa kura barazani mara moja kwa mwaka. Mwaka ulianza na vitanda thelathini. Vitatu, na sita, na tisa vikatoka. Vikabaki kumi na viwili. Kuanzia hapo, kila aliyeomba kitanda mfumo ulimtafutia vitanda kumi na vitano, ishirini na viwili, thelathini na vinane, ukaona havitoshi, ukamwandikia kwa heshima kwamba ombi lake linasubiri bidhaa. Vitanda kumi na viwili vikakaa ghalani vikiwa vimefunikwa nailoni, na watu kumi na mmoja wakakaa kwenye orodha. Penye miti hapana wajenzi. Halmby palikuwa na vitanda, wajenzi, na hata spana.

*

Wiki ya arobaini na nne, asubuhi, Ebbe alikuwa anakula mkate wake mweusi uliopakwa maini ya kusaga, mlango wa ghala ukafunguka akaingia mwanamke wa miaka themanini na moja, mgongo umenyooka kama mlingoti. Aliitwa Asta Brinkmose. Alikuwa amefundisha mazoezi ya viungo shuleni miaka arobaini, na nusu ya mji huo bado ilikaza tumbo ikimwona.

"Wewe ndiye Ebbe?"

"Ndiye mimi, mama."

"Kaa wima. Mimi nimekuja kuona hiyo bidhaa inayosubiriwa." Akatoa barua ndani ya mkoba. "Holger wangu yupo kwenye nyumba ya kuuguzia wagonjwa kule Stensby tangu wiki ya thelathini na nane. Kiharusi. Daktari amemruhusu arudi, ila bila kitanda cha umeme hawamtoi. Nikiwauliza wao, wananambia manispaa. Nikiiuliza manispaa, inanambia bidhaa. Nimekuja kuiuliza bidhaa."

Ebbe aligeukia vitanda. Asta alishaviona. Alitembea taratibu kando ya vitanda, akivigusa kimoja kimoja, akihesabu kama anavyohesabu watoto kabla ya kuwapandisha basi.

"Kumi na viwili," alisema.

"Kumi na viwili, mama."

"Na mimi naomba vingapi?"

"Kimoja. Ila mfumo unakutafutia thelathini na vinane."

Asta alimgeukia. "Kijana," alisema, ingawa kijana mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na minane, "Holger ana miguu miwili. Mmoja haufanyi kazi."

Basi Ebbe akamweleza. Tangu Machi alikuwa akichora kwa penseli kwenye karatasi ya kufungia mkate: wiki huku, vifaa kule. Safu zote mbili zilikuwa sawa, namba kwa namba, mwaka mzima. Mfumo haukujua haja za watu. Ulikuwa unasoma kalenda.

"Toa kimoja nikiburute," alisema Asta.

"Vina chipu. Lango halifunguki bila oda kukamilika. Nilijaribu mwezi wa tano kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Lango likalia, mfumo ukaniandika kama jaribio la wizi, nikapelekwa semina ya uadilifu siku mbili."

"Na huyo mgonjwa?"

Ebbe alifunga mkate wake. "Jina lake liliondoka kwenye orodha."

Asta akaketi ukingoni mwa kitanda cha kwanza, nailoni ikalia chini yake. Sauti yake ya uwanjani ilikuwa imeshuka. "Holger ameacha kula. Si kwamba hawezi, hataki. Jumapili ameniuliza kama nimeuza nyumba ndiyo maana simchukui. Miaka hamsini na saba, Ebbe. Nimwambie nini? Nimwambie kalenda?"

"Ipo njia moja," alisema Ebbe. Akavuta droo ya chini akatoa karatasi yenye rangi ya chai. "Fomu ya Kutoa kwa Mkono. Sheria inataka iwepo, endapo umeme utakatika. Inamtaka mkurugenzi aandike kwa mkono wake sababu, kisha aweke sahihi. Kwa kila kifaa, fomu yake."

"Basi mpelekee."

"Nitampelekea, mama."

"Leo."

"Leo."

*

Gorm alimpokea Ebbe amesimama, maana meza yake ilikuwa imepandishwa juu. Kukaa, alisema, ni uvutaji sigara wa zama hizi. Akamimina kahawa kwenye kikombe cha Bila msimbo, bila kosa.

"Ebbe, mkongwe wetu. Niambie."

Ebbe akatandaza karatasi ya kufungia mkate juu ya meza. Ilikuwa na doa la mafuta wiki ya ishirini na tatu. Akaeleza polepole, kwa kidole, wiki huku, vifaa kule, kisha akasogeza fomu ya Holger. Gorm alisikiliza kwa adabu kubwa, akiitikia kwa kichwa kila penye koma.

"Nashukuru kwa mrejesho," alisema. "Unajua wewe unaona nini hapa? Unaona kosa. Mimi naona uwiano."

"Kuna mtu hali chakula kwa sababu ya huo uwiano."

"Na mimi inaniuma. Kweli inaniuma." Gorm akaweka mkono kifuani, upande wa kulia. "Lakini nikisaini fomu moja kwa mkono, uendeshaji wetu wa kidijitali hautakuwa tena asilimia mia. Utakuwa tisini na tisa na vipande. Jopo la tuzo linakuja wiki ya arobaini na sita. Nitawaambia nini kuhusu hivyo vipande?"

"Waambie uzi umevutwa pasipo pake."

"Uzi ni wa kijani, Ebbe."

"Ni wa kijani. Ila uko pasipo pake."

Gorm akashusha meza kidogo, akaipandisha tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayempa rafiki siri ya soko: "Tusubiri. Wiki ya kwanza si mbali. Wiki ya kwanza anayeomba kimoja atapata kimoja. Mfumo utakuwa umejirekebisha wenyewe."

Ebbe alikunja karatasi yake mara nne. Ndipo alipoelewa. "Kumbe unajua."

"Nafahamu mwelekeo," alisema Gorm.

"Unajua tangu lini?"

"Ebbe, kuna nafasi nzuri sana idara ya mitaro."

Ebbe akaacha kahawa bila kuinywa akateremka ngazi. Alipofika barabarani taa ilikuwa nyekundu. Akasimama. Hata hasira yake ilisubiri kijani.

*

Kisha majani yakaanguka, yakalowa, na Gorm akaanguka juu yake.

Ilikuwa wiki ya arobaini na tano, akitoka kazini kwa baiskeli yake ya mizigo, simu mkononi, akimsomea mkewe orodha ya wageni. Kifundo cha mguu kilivunjika mahali pawili. Hospitali ilimfunga plasta mpaka gotini, na mtathmini, binti makini, akaona katika mahojiano kwamba choo cha nyumbani kwa mgonjwa kiko ghorofani. Akaingiza Daftarini: Lindegaard, Gorm. Kiti cha choo chenye ndoo. Wiki ya arobaini na sita.

Oda ilifika ghalani Jumatatu asubuhi. Viti vya choo vilikuwepo tele; mfumo ulikuwa umejiagizia wenyewe mwaka mzima. Lango lilifunguka bila kulia. Ebbe aliisoma oda mara mbili, akaipigia simu ofisi kuu kuuliza kama ni sahihi. Wakamwambia asome kikombe.

Akapakia viti arobaini na sita kwenye lori, mwenyewe, kwa foklifti. Alipokuwa anafunga turubai alimkuta Asta amekwisha kaa kiti cha mbele, mkoba magotini.

"Mama, hii si yako. Hii ni ya mkurugenzi."

"Najua ya nani. Mji mdogo huu. Fomu zetu unazo?"

"Ninazo. Yako na za wenzako kumi."

"Endesha. Na kaa wima."

Ilikuwa mkesha wa Mtakatifu Martin, siku ambayo nyumba yoyote inayojiheshimu hula bata. Kwa Gorm bata walikuwa wawili, viazi vya kukaangwa kwa sukari, kabichi nyekundu, na wageni: meya Dagny Stounbjerg na mumewe, na jaji wa jopo la tuzo aliyetoka Kopenhageni kwa treni. Mlango ulifunguliwa na mke wa Gorm, Sidsel, glavu za jikoni mikononi.

"Kiti," alisema Ebbe.

"Oh, ahsante. Kiweke popote."

Ebbe aliweka. Kanuni za ghala zinasema kifaa kifikishwe, kiungwe, na kiwekwe mahali ambapo mtumiaji anakifikia bila kunyanyuka. Gorm alikuwa amelala kwenye sofa la sebuleni. Kwa hiyo viti vilianza sebuleni. Cha kumi kilifika kwenye meza ya chakula. Cha ishirini kilifanya Sidsel aondoe viti vya kawaida avitoe bustanini, mvua ikinyesha. Cha thelathini na tano kilizuia mlango wa jikoni, ikabidi bata apitishwe dirishani. Ebbe hakukimbia wala hakuchelewa. Kila kiti alikijaribu kwa kukikalia, akachungulia ndoo yake, akaweka tiki.

"Ebbe," alisema Gorm kutoka kwenye sofa. "Inatosha sasa."

"Bado kumi na kimoja, Gorm."

"Utani huu nimeuelewa. Umefanikiwa. Sasa virudishe kwenye lori."

"Si utani, ni oda. Na kuvirudisha siruhusiwi. Lazima mtathmini aje, kila kiti kwa ziara yake. Mtumiaji atamwonyesha kwa vitendo kwamba hakihitaji."

"Kwa vitendo vipi?"

"Hilo huwa wanaelewana wenyewe."

Kengele ililia kabla Gorm hajajibu. Meya Dagny akaingia akipangusa miwani, nyuma yake mumewe na jaji wa tuzo. Walisimama mlangoni wakatazama. Kwa kuwa wote walikuwa watu waliolelewa vizuri, hakuna aliyesema kitu. Palikuwa na viti arobaini na sita na hapakuwa na pengine pa kukaa, kwa hiyo walikaa. Sidsel akapita na sahani akinyanyua magoti juu kama korongo. Bata alikuwa ameiva vizuri. Kila mtu alisema hivyo, mara mbili mbili.

"Vina egemeo zuri," alisema mume wa meya.

"Ni majaribio?" jaji wa tuzo aliuliza kwa upole, akiangalia chini ya paja lake. "Ya kumweka mtumiaji katikati?"

"Ni... ndiyo," alisema Gorm. "Ni maonyesho."

"Ni wiki ya arobaini na sita," alisema Asta.

Walikuwa hawajamwona. Alikuwa amekaa kiti cha mwisho karibu na dirisha, koti mwilini. Meya alimwona, akakaza tumbo. Alikuwa mwanafunzi wake.

"Mwalimu Asta."

"Dagny. Magoti pamoja. Mume wangu ameomba kitanda kimoja, mfumo wa huyu bwana unamtafutia thelathini na vinane. Yeye ameomba kiti kimoja, anavyo arobaini na sita. Hebu wewe, uliyekuwa hodari wa hesabu, tafuta tofauti yetu iko wapi."

Meya alihesabu viti kwa macho, akaweka uma chini. Akamgeukia Gorm. "Huo uzi wa wiki, nani aliuvuta?"

Nje mvua ilikuwa ikipiga viti vya bustanini. Gorm alitazama kidole chake kama kitu alichoazimwa.

"Ulikuwa wa kijani," alisema.

"Sikuuliza rangi."

"Mimi," alisema Gorm. "Lakini mfumo utajirekebisha. Wiki ya kwanza si mbali."

"Wiki saba," alisema Asta. "Utakaa navyo hivi wiki saba? Wewe unakula, naona. Bata ameshuka vizuri."

Ebbe alisogea mpaka kwenye sofa. Aliweka rundo la karatasi zenye rangi ya chai juu ya plasta ya Gorm, maana ndiyo iliyokuwa sehemu pekee tupu, na juu ya rundo akaweka penseli.

"Ipo Fomu ya Kutoa kwa Mkono," alisema. "Ukisaini ya kiti kimoja, oda ya arobaini na sita inafutika; naviondoa viti sasa hivi, nakuachia kimoja."

Gorm alichukua fomu ya juu. "Hii imeandikwa Holger Brinkmose."

"Hiyo ndiyo ya juu."

"Yangu iko wapi?"

"Ya chini kabisa. Wewe umeomba wiki iliyopita. Hawa kumi na mmoja wamekutangulia." Ebbe hakupandisha sauti. "Foleni ni foleni, Gorm. Sisi wote ni sawa."

Jaji wa tuzo akatikisa kichwa kukubali. Foleni ni jambo ambalo hata jopo haliwezi kulipinga.

Gorm akaandika penye Sababu: mabadiliko ya mtazamo. Ebbe akaisoma, akairudisha. "Haieleweki. Lango halitafunguka." Gorm akaandika: marekebisho ya uwiano. Ikarudi. Akaandika: changamoto ya kimfumo. Ikarudi na doa la kabichi. Meya alikuwa ameacha kula. Mwishowe Gorm akaandika maneno matatu, ya kawaida kabisa, yanayojulikana na kila mtoto: Mimi nimekosea hesabu. Akaweka sahihi. Ebbe akampa ya pili.

Aliyaandika maneno hayo mara kumi na moja, na kwenye ya tano mwandiko ukaanza kunyooka, maana hata kusema kweli kunahitaji mazoezi ya viungo. Alipoifikia yake, ya kumi na mbili, akaomba maji, kisha akaisaini. Jaji wa tuzo akaomba koti lake, akisema treni ya saa mbili haisubiri mtu. Hakuna aliyemzuia, ila alichelewa kidogo kuipata njia ya kutokea.

Ebbe akaanza kubeba viti kuelekea mlangoni. Alipopita mbele ya Asta alisimama.

"Vitanda vinatoka kesho asubuhi, mama. Cha Holger kwanza."

"Wewe nakuamini," alisema Asta. "Hukuvuta uzi." Akanyanyuka, akapita kati ya viti vilivyobaki mpaka akasimama mbele ya sofa, mgongo wima, mikono nyuma. "Nataka kusikia kutoka kwake. Nimepata barua tano zenye sahihi yake. Sijawahi kusikia sauti yake ikisema kitu."

Gorm alimtazama meya. Meya alikuwa anatazama sahani. Akamtazama mkewe. Sidsel alikuwa dirishani, amebeba viti vyake vilivyolowa.

"Sema jina," alisema Asta. "Sema siku. Na sema idadi."

Gorm alijaribu kujiinua kwenye kiwiko, plasta ikamrudisha, akayasema akiwa amelala:

"Nakuahidi, mwalimu Asta. Kesho, kabla ya saa sita mchana, Holger atakuwa nyumbani kwake, juu ya kitanda kimoja."